Siku arobaini baada ya rufaa: mambo ambayo familia ya mfungwa inapaswa kujua



Katika mikutano yetu na familia zilizokimbilia Kisangani, tunazungumza juu ya chakula, shule za watoto, mashamba yaliyoachwa, na namna ya kurudi kijijini bila kulipiza kisasi. Lakini mkutano ukiisha, kuna mama au baba anayebaki nyuma na karatasi iliyokunjwa mara nne. Anangoja wengine waondoke. Kisha anasema: «Mtoto wangu yuko gerezani. Rufaa imeanguka. Kuna njia nyingine?»

Njia iko. Shida ni kwamba ina siku zake, na siku hizo hazingoji mtu.

Mama mmoja aliyetoka ng'ambo ya Lubunga alitufundisha jambo hili vizuri kuliko kitabu. Kijana wake alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kuharibu mali na kujeruhi, na hakimu wa rufaa akakubali hukumu ile. Tulimuuliza: «Mama, hukumu ya rufaa ilisomwa siku gani?» Akajibu: «Mwanangu, karatasi nimeipata juzi tu. Walikuwa wananiambia kila siku rudi kesho.» Tukatazama juu ya karatasi. Hukumu ilikuwa imesomwa siku 53 zilizopita, na kijana alikuwa amesimama pale pale korti, akisikia. Mama alikuwa amevuka mto mara kumi na zaidi kwa mtumbwi kwa ajili ya karatasi ile, akidhani kwamba bila karatasi hawezi kufanya lolote. Wakati huo wote siku zilikuwa zinahesabiwa.

Ndiyo sababu tunaandika makala hii.

Kesi inapita wapi?

Makosa ambayo adhabu yake haipiti miaka mitano ya kifungo huanza katika Tribinali ya Amani. Makosa makubwa zaidi, hata yale ya hukumu ya kifo, huanza katika Tribinali Kubwa. Asiyeridhika na Tribinali ya Amani hukata rufaa kwenye Tribinali Kubwa. Asiyeridhika na kesi iliyoanzia Tribinali Kubwa hukata rufaa kwenye Korti ya Rufaa. Mpaka hapo kila kitu kinaweza kufanyika hapa hapa Kisangani.

Muda wa kukata rufaa ni siku 10 tangu hukumu kusomwa, ikiwa mshitakiwa alikuwepo. Ikiwa hakuwepo, zinahesabiwa tangu alipojulishwa rasmi. Jueni pia kwamba mwendesha mashitaka wa korti ya rufaa ana miezi mitatu. Kwa hiyo kijana anaweza kuachiliwa na tribinali, familia ikafanya sikukuu, na baada ya miezi miwili parke ikakata rufaa. Si lazima kuwe na uchawi wala mlungula hapo. Sheria ya mwaka 1959 ya mwenendo wa kesi za jinai inaruhusu.

Baada ya rufaa inabaki Korti ya Kasasio, iliyo Kinshasa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ndiyo iliyoiweka mahali pa ile Korti Kuu ya zamani katika kazi hii, na mwenendo wake umepangwa na sheria ya tarehe 19 Februari 2013.

Siku arobaini zinahesabiwa namna gani?

Sheria hiyo ya 2013 inampa mtu aliyehukumiwa siku 40 kamili za kupeleka lalamiko lake Kasasio. Ikiwa alikuwepo kortini, siku zinaanza kukimbia tangu hukumu ya rufaa iliposomwa. Hazingoji kopi ipigwe mashini, wala karani kurudi safarini, wala familia kupata habari. Kosa la mama wetu, kama tunaweza kuliita kosa, lilikuwa hapo tu.

«Siku kamili» maana yake siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi, na ile ya kufunga pia haihesabiwi. Tuchukue hukumu iliyosomwa tarehe 2 Machi. Siku ya kwanza ni tarehe 3 Machi, na siku ya arobaini ni tarehe 11 Aprili. Anayejua sheria atakuambia kwamba tarehe 12 bado mlango uko wazi. Sisi tunashauri familia isijaribu kuupima mlango huo. Kunaweza kuwa na mvua, mgomo, siku ya kupumzika, au mtumbwi usiovuka. Fanyeni kana kwamba mna siku 20.

Msishangae pia kwamba nchi nyingine zina hesabu nyingine. Ufaransa wanatoa siku chache zaidi kwa jambo hili. Tanzania, anayetaka kwenda Mahakama ya Rufani hutoa taarifa yake ndani ya siku 30. Ndugu aliyewahi kuishi ukimbizini huko asichukue hesabu ya kule akaileta hapa.

Na kesi za kijeshi? Hapo mambo ni ya haraka zaidi. Sheria ya mwenendo wa korti za kijeshi, ya tarehe 18 Novemba 2002, inatoa siku 5 tu za kukata rufaa. Katiba inasema korti hizo ni za askari na polisi, lakini raia wengi wamejikuta mbele yake, hasa inaposemwa kwamba silaha ya vita ilitumika. Kwa hiyo swali la kwanza la familia liwe hili: kesi iko kwa raia au kwa wanajeshi? Katiba, katika kifungu cha 153, inaruhusu hukumu za mwisho za korti zote mbili, za kiraia na za kijeshi, zifike Kasasio.

Kusema kwa mdomo kunatosha kuanza

Hapa kuna habari njema ambayo watu wengi hawaijui. Ili kuanza, hakuhitajiki barua ndefu ya Kifaransa. Aliyehukumiwa anatamka tu, kwa mdomo au kwa maandishi, mbele ya karani wa korti iliyotoa hukumu ya rufaa, kwamba anapeleka kesi Kasasio. Akiwa amefungwa, anaweza kutamka mbele ya mkubwa wa gereza. Mkubwa wa gereza anaandika pevee na kuipeleka kwa karani bila kuchelewa. Ndiyo kusema, mfungwa wa Gereza Kuu la Kisangani asiyejua kusoma, asiye na avoka wala franka moja, anaweza kuokoa haki yake asubuhi moja kwa kusema sentensi moja.

Lakini aseme yeye mwenyewe. Mama, mjomba au shefu wa kijiji hawezi kwenda kwa karani na kusema badala yake. Avoka anaweza, akiwa na karatasi ya kumwakilisha katika jambo hilo. Kazi ya familia ni kumfikishia mfungwa habari siku ile ile anapopelekewa chakula, kisha kurudi kesho yake kuuliza: Umesema? Pevee imeandikwa? Ina tarehe gani? Imetoka gerezani kwenda kwa karani? Karatasi inayolala katika droo ya gereza imeumiza watu wengi kuliko hakimu mkali.

Andikeni katika daftari la nyumbani nambari ya kesi, ile inayoanza na herufi RPA kwa kesi za rufaa, jina la tribinali au korti, na tarehe ya hukumu. Mambo hayo matatu yakiwa mkononi, avoka yeyote anaweza kuanza kazi. Yakikosekana, wiki ya kwanza itaishia kutafuta faili.

Kutamka ni mwanzo tu. Ndani ya miezi mitatu baada ya tamko hilo, ombi lenye sababu lazima lifuate, nalo hutiwa sahihi na avoka mwenye haki ya kusimama mbele ya Korti ya Kasasio. Si kila avoka wa Kisangani anayo haki hiyo. Basi muulizeni mapema na bila haya: «Maître, wewe unaweza kusaini mbele ya Kasasio, au utamwandikia mwenzako wa Kinshasa?» Avoka mwaminifu hatakasirika. Asiye na pesa aombe cheti cha umaskini kupitia komine yake, kisha aende kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya baraza la maavoka. Sheria ya maavoka ya mwaka 1979 ndiyo iliyoweka ofisi hizo, hazikuletwa na mashirika kama letu.

Jihadharini na watu wanaozungukazunguka karibu na milango ya korti wakisema wana ndugu Kinshasa. Wanaomba pesa ya tiketi, kisha ya stempu, kisha ya «kumwona mkubwa». Siku arobaini zikiisha, simu haipatikani tena.

Kasasio haihukumu upya

Hili linaleta uchungu, kwa hiyo tuliseme wazi. Korti ya Kasasio haitaita mashahidi. Haitauliza nani alichoma nyumba ya nani. Inatazama kama sheria ilifuatwa: je, korti ilikuwa na uwezo wa kuhukumu kesi ile? Ilikaa na mahakimu walio halali? Ilitoa sababu za hukumu yake? Katiba, kifungu cha 21, inasema kila hukumu iandikwe, itolewe sababu, na isomwe mbele ya watu wote. Na kifungu hicho hicho kinampa kila mtu haki ya kuipinga hukumu. Anayeandika Kasasio «mtoto wangu hana kosa, muulizeni jirani» amebisha mlango usio wake. Anayeandika «korti ya rufaa haikujibu hoja hii ya utetezi» amebisha mlango wenyewe.

Na hukumu ikivunjwa, mara nyingi kesi inarudishwa kusikilizwa upya na mahakimu wengine. Watu wa Kisangani wanaikumbuka kesi ya Wanorwe wawili, Tjostolv Moland na Joshua French, walioshitakiwa mbele ya korti za kijeshi hapa mjini kwa kifo cha dereva wao mwaka 2009. Septemba 2009 walihukumiwa kifo, na kabla mwaka kwisha rufaa yao ikashindwa. Aprili 2010 Korti Kuu ya Kijeshi iliyo Kinshasa ikaibatilisha hukumu kwa kasoro za utaratibu, ikaamuru wahukumiwe tena. Wengi walidhani wanakwenda nyumbani. Juni 2010, hapa hapa Kisangani, wakahukumiwa kifo kwa mara ya pili. Moland alifia gerezani Kinshasa Agosti 2013. French aliondoka Mei 2017, na aliyemfungulia hakuwa hakimu. Ilikuwa baada ya mazungumzo marefu kati ya serikali ya kwao na ya kwetu. Hao walikuwa na ubalozi na magazeti ya dunia nyuma yao, na bado utaratibu ulikwenda hivyo.

Kwa waliohukumiwa kifo, jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Machi 2024, serikali ilipoondoa zuio la kutekeleza adhabu hiyo lililokuwa limedumu kwa miaka zaidi ya ishirini. Familia ya mtu kama huyo isipoteze hata siku moja.

Je, mfungwa anatoka wakati Kasasio inaitazama kesi? Kwa kawaida muda wa siku 40 na lalamiko lenyewe vinasimamisha hukumu isitekelezwe. Lakini aliyekwisha kuwa ndani kwa hukumu hiyo anabaki ndani, mpaka siku alizokaa zifikie adhabu aliyopewa. Zikifika, lazima atoke, hata kama Kinshasa hawajajibu. Hesabuni wenyewe siku hizo, pamoja na zile alizokaa kabla ya kuhukumiwa, maana nazo zinaingia katika hesabu. Magereza yetu yamejaa, na si kila faili inatazamwa kwa wakati.

Aliyehukumiwa akiwa porini

Sehemu hii ni ya wakimbizi wa ndani hasa. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola uliwafanya maelfu waache nyumba zao na kukimbilia Kisangani. Mtu aliyekimbia hivyo anaweza kuitwa kortini kwa karatasi iliyobandikwa juu ya mlango wa nyumba iliyokwisha kuungua. Haji. Anahukumiwa bila kuwepo. Anapata habari mwaka wa pili, kwa kituo cha polisi njiani.

Mtu huyo asiambiwe kwamba siku zake zimekwisha. Kwa hukumu iliyotolewa bila mtu kuwepo kuna njia inayoitwa pingamizi, mbele ya korti ile ile iliyohukumu. Akipewa karatasi ya hukumu mkononi mwake, ana siku 10, pamoja na siku moja zaidi kwa kila kilomita 100 za umbali. Aliye Ubundu, kilomita 125 kwa reli ya zamani, anapata ile siku moja ya nyongeza. Kama karatasi haikumfikia mkononi, siku 10 zinaanza pale alipojua. Na kama haithibitiki kwamba alijua, anaweza kupinga kifungo chake mpaka muda wa adhabu yenyewe kufutika kwa sheria, na huo ni muda wa miaka. Kwa upande wa fidia, anaweza mpaka hukumu itakapotekelezwa. Siku 40 za Kasasio kwa mtu kama huyo haziwezi kuanza kabla muda wa pingamizi haujafungwa.

Kwa hiyo chungeni karatasi zinazoonyesha mlikuwa wapi na lini: kadi ya kuandikishwa kama mkimbizi, karatasi ya zahanati, cheti cha shefu wa kartie aliyewapokea, daftari la shule la mtoto. Avoka anaweza pia kuzitumia kuieleza korti kwamba vita ndiyo iliyomzuia mtu asifanye jambo kwa wakati. Lakini hoja hiyo ya mwisho ni fimbo ya kuegemea tu, msiilalie kama kitanda.

Siku zikiisha kweli

Kwanza, kuna kutazamwa upya kwa kesi, nako kunafanywa na Korti ya Kasasio. Njia hii haifungwi na siku 40, lakini sababu zake ni chache: mtu aliyesemekana ameuawa anaonekana kuwa hai, watu wawili wamehukumiwa kwa tendo moja kwa namna ambayo hukumu moja inaikana nyingine, shahidi amehukumiwa kwa kusema uongo dhidi ya mshitakiwa, au kumetokea jambo jipya ambalo korti haikulijua. Katika wakati wa fujo mambo hayo si hadithi. Kuna watu walioliliwa matanga na kisha wakatokea. Mhukumiwa akiwa amekufa, mke au mume, watoto na wazazi wanaweza kuomba ili jina lake lisafishwe.

Pili, kuna kufunguliwa kwa masharti. Aliyekwisha kumaliza robo ya kifungo chake, na kukaa ndani zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuombewa kwa Waziri wa Sheria. Wa kifungo cha maisha, baada ya miaka mitano. Haki hii imeandikwa katika kitabu cha adhabu, lakini haiji yenyewe; inaombwa, na mwenendo wa mfungwa unatazamwa.

Tatu, kuna msamaha wa Rais, ambao Katiba inautaja katika kifungu cha 87. Huo hauna siku, wala hauna ahadi.

Neno kwa viongozi

Mashefu, wachungaji, maimamu na kamati za wakimbizi, siku hizi 40 zinawahusu ninyi pia. Aliyedhulumiwa na kujiunga na kesi ili alipwe fidia naye anaweza kwenda Kasasio juu ya fidia yake. Na mtu akionekana barabarani huku kesi yake ikiwa Kinshasa, upande wa pili utasema: «Wamemnunua hakimu.» Neno hilo likilala usiku mmoja katika kambi, asubuhi vijana wameshachukua mapanga. Kabla ya kuitisha mkutano, tumeni watu wawili, mmoja wa kila upande, waende pamoja kwa karani kuuliza kesi imefika wapi. Kwenda pamoja ni muhimu kuliko jibu wanalorudi nalo. Tumeona watu waliokuwa hawasalimiani wakirudi kutoka korti wakigawana mkate, wote wawili wakimlalamikia karani yule yule.

Yule mama wa Lubunga, tulihesabu naye juu ya meza. Njia ya Kasasio ilikuwa imefungwa. Lakini kijana alikuwa ndani tangu kabla ya hukumu ya kwanza, miezi kumi na saba kwa jumla, na robo ya miaka mitano ni miezi kumi na tano. Akauliza: «Kwa hiyo nilikuwa nangojea karatasi isiyo yake?» Tulimwambia ndiyo, mama. Akaikunja ile ya zamani, akaiweka katika kitenge, akaomba aandikiwe nyingine, ile ya kufunguliwa kwa masharti, nasi tukampeleka kwa avoka siku ile ile kabla mitumbwi ya jioni haijaondoka.